Kompyuta ya Gemu kwa Pesa ya Msimu

Deskitopu ilikuwa imelazwa ubavu juu ya meza ya fundi pale Nyasho, Musoma, kifuniko kimevuliwa, vumbi limeganda kwenye mapanga ya feni. Ilikuwa Dell OptiPlex 9020, ile nyembamba, ya kizazi kilichojaa kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani miaka kumi na ushee iliyopita, kisha kikaondolewa na kuja kwetu kwa kontena. Pembeni yake, bado kwenye mfuko wa mapovu, kulikuwa na kadi ya picha iliyofika asubuhi hiyo kwa basi kutoka Mwanza: GTX 1660 Super, feni mbili, tundu la umeme la pini nane. Fundi aliichukua, akaipima juu ya sanduku. Ilizidi urefu, ikazidi na kimo. Akawasha tochi ya simu, akainama kusoma lebo ya pawa saplai. Wati 255, na hakuna waya hata mmoja wa kwenda kwenye kadi.

"Mdogo wangu," akamwambia mwenye mali, "kadi ni nzima na mashine ni nzima. Ila hazioani."

Kijana yule ni mvuvi wa dagaa. Pesa aliyoitoa ilikuwa ya giza mbili, yaani vipindi viwili vya usiku usio na mwezi, wakati taa za mtumbwi zinapovuta dagaa. Mwezi ukipevuka taa hazina kazi, na mtu anakaa nchi kavu akishona nyavu. Giza la kwanza alinunua sanduku, la pili akanunua kadi. Kila kimoja, kwa bei yake, kilikuwa chaguo zuri.

Nimeanza na mkasa huu kwa sababu ndani yake kuna kasoro ya karibu kila mwongozo wa kuunda kompyuta ya gemu. Miongozo hiyo huja na ngazi: dola 500 nunua hivi, dola 800 hivi, dola 1,500 hivi. Inamdhania mnunuzi mwenye pesa yote mkononi siku moja, tena aliye karibu na duka lenye kila kitu. Huku kwetu pesa ina majira. Mkulima wa pamba wa Bunda huiona soko la pamba likifunguliwa, kuanzia Mei, kisha anaisubiri mwaka mzima. Kijana anayeponda mawe ya dhahabu Buhemba anaweza kukaa miezi mitatu mikavu, halafu wiki moja ikamlipa yote. Mwalimu wa Butiama ana mshahara, lakini mshahara huo una wenyewe kabla haujafika. Kwa watu hawa bajeti ndogo, ya kati na kubwa ni umri wa kompyuta moja: inazaliwa kwa laki tano, inakua kwa laki tatu za msimu ujao, inafikia utu uzima mwaka wa tatu.

Hilo linabadilisha swali zima. Kwenye miongozo swali ni kifaa gani kinatoa fremu nyingi zaidi kwa sekunde kwa shilingi hii. Kwa mtu wa msimu swali ni kama kitu anachonunua leo kitampa nafasi ya kununua kingine kesho, au kitamfungia mlango. Nitapima kila bajeti kwa swali hilo la pili, hata pale linaponilazimu kusifu mashine inayokimbia kidogo kuliko jirani yake.

Kwanza, vifaa vinatoka wapi. Musoma na Bunda zina maduka ya kompyuta, lakini rafu zao zimejaa laptopu, printa, wino na flashi, kwa sababu ndivyo wanavyonunua walimu na halmashauri. Anayetaka kadi ya picha au pawa saplai ya maana ana masoko matatu. Mwanza iko kilomita zipatazo 220, na basi hupita Bunda kabla ya kufika Musoma. Mzigo wa Butiama hushushwa Makutano, bodaboda akamalizia. Dar es Salaam, maana yake Kariakoo, iko zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Bei za Kariakoo ndizo nzuri na chaguo ni pana, ila unanunua kwa picha za simu na kwa imani. La tatu ni Nairobi, ambayo kwa mtu wa Musoma iko karibu kuliko Dar kwa mbali sana: unavuka Sirari, na siku hiyohiyo uko Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme.

Nairobi inavutia, nami nimeshawishika zaidi ya mara moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozi ushuru wa forodha kwa kompyuta, na wengi husikia hilo wakadhani mpaka hauna la kuuliza. Unalo. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na kadi ya picha iliyotengenezwa China haizaliwi Narok. Utakuwa na makaratasi na kodi za ndani kama muagizaji mwingine. Kikubwa zaidi ni dhamana. Kadi ikifa baada ya wiki mbili, nauli ya kwenda na kurudi imeshakula nafuu uliyoipata. Kwa hiyo mimi huiweka Nairobi kwa vitu visivyokufa ghafla, kama sanduku, monita, na pawa saplai ya kampuni inayojulikana. Kadi ya mtumba nainunua Mwanza, ambako naweza kukaa dukani nikaitazama ikicheza saa nzima.

Tuje kwenye laki tano, maana hapo ndipo watu wengi walipo na hapo ndipo mitego ilipo.

Msingi wake ni deskitopu ya ofisi ya mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Compaq, Lenovo ThinkCentre. Duka litakwambia "Core i5" likaishia hapo, kana kwamba i5 zote ni ndugu wa tumbo moja. Tazama namba inayofuata. i5-3470 ni ya kizazi cha tatu, mwaka 2012. I5-4590 ni ya cha nne. I5-6500 ya cha sita. I5-8500 ya cha nane, na hiyo ina viini sita badala ya vinne. Usiidharau hata ile ya 2012. GTA V ilipotoka kwenye kompyuta Aprili 2015, prosesa iliyopendekezwa na watengenezaji wenyewe ilikuwa i5-3470, pamoja na RAM ya GB 8. Mashine inayouzwa leo kama chakavu ya ofisi ndiyo iliyokuwa kipimo cha gemu ambalo vijana wa Bunda bado wanaliota. Inachokosa ni kadi ya picha, na hapo umbo la sanduku linaamua kila kitu.

Deskitopu hizi huja kwa maumbo makuu matatu. Kuna ndogo kama kitabu, ambayo haina nafasi ya kadi kabisa. Kuna nyembamba, inayopokea kadi fupi za kimo nusu peke yake. Na kuna mnara, lile sanduku nene la kusimama chini ya meza. Nyembamba ndizo nyingi sokoni na ndizo zinazopendeza mezani, na muuzaji huzisifu kwa kubebeka. Mnara huonekana mzito na wa kizamani, mara nyingine bei yake inalingana na nyembamba au inapungua. Chukua mnara. Hata kama leo huna hela ya kadi, hata kama mashine hiyo itakaa mwaka mzima ikicheza PES 2013 na GTA San Andreas kwa picha za ndani ya prosesa, chukua mnara. Yule kijana wa dagaa angenunua mnara wa 9020 ileile, kadi yake ingeingia, na shida iliyobaki ingekuwa ya umeme tu.

Hata hiyo ya umeme ina utata wake. Pawa saplai ya mnara wa 9020 ni wati 290, ndogo kwa kadi kubwa, na huwezi kuchomeka nyingine moja kwa moja, kwa kuwa kuanzia kizazi kile Dell waliacha plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi wakaweka yao ya pini nane. HP kwenye EliteDesk 800 G1 waliweka ya pini sita. Zipo waya za kugeuza, ni rahisi, agiza kabla hujabomoa kitu. OptiPlex 7010, iliyotangulia, bado ina pini 24 za kawaida, na ndiyo maana mafundi wengine wanaipenda kuliko mrithi wake ingawa prosesa yake ni ya zamani kidogo. Mimi niko upande wao.

Asiyetaka kugusa pawa saplai anunue kadi isiyo na tundu la umeme. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi inatoa hadi wati 75, na zipo kadi zinazotosheka na hizo. GTX 750 Ti ya 2014 inakula wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 zinagota 75, nyingi zikiwa bila tundu, ingawa watengenezaji wengine huziwekea tundu la pini sita, kwa hiyo angalia picha ya ukingo wa kadi kabla ya kutuma pesa. 1050 Ti yenye GB 4 ndiyo kipimo changu cha bajeti hii kwa sababu moja ya kimaisha: EA Sports FC 24, gemu la mpira la Septemba 2023, liliiweka hiyo kama kiwango cha chini, pamoja na RAM ya GB 8. Chini ya hapo hakuna uhakika kuwa mpira wa kisasa utachezeka, na kijana asiyecheza mpira wa kisasa atakopa pedi kwa jirani hivyohivyo.

Epuka RX 6400 kwenye mashine hizi, ingawa inakula wati 53 na ni mpya zaidi. Imeunganishwa kwa njia nne tu badala ya kumi na sita, na mazabodi ya zamani yenye njia za polepole huinyima pumzi. Epuka pia GT 710 na GT 730, ambazo duka litakuuzia kwa jina la "kadi ya gemu" kwa kuwa zina GB 2. Ukubwa wa kumbukumbu siyo nguvu. GT 1030 ni mtego wa kimya zaidi. Kuna yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4, jina moja, boksi linalofanana, lakini upana wa kupitisha data wa ile ya pili ni kama theluthi ya mwenzake.

Halafu kuna bandia. Niliwahi kuuziwa 1050 Ti katika duka moja ambalo sitalitaja, bei nzuri, boksi jipya, hata plastiki ya kung'aa ilikuwa bado juu. Windows iliitambua kwa jina lake. Gemu la mpira lilifunguka, likacheza dakika tatu kama sinema ya kizamani, likazimika. Nikaweka programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, na mbele ya jina la kadi ikaandika kwa herufi kubwa kuwa ni feki. Ndani ya kasha lile kulikuwa na chipu ya zaidi ya miaka mitano nyuma, imeandikwa upya utambulisho wake ili idanganye. Tangu siku hiyo flashi yenye GPU-Z na CPU-Z hukaa mfukoni mwangu kama kitambulisho. Muuzaji anayekataa uichomeke kabla ya kulipa ameshakujibu.

RAM ya laki tano iwe GB 8, mbili za 4 au moja ya 8 kwa kadiri ya upatikanaji. Kizazi cha tatu na cha nne hutumia DDR3, ambayo mtumba wake ni mwingi. SSD ya GB 240 kwa ajili ya Windows na gemu moja, na ile hadi diski ya zamani iliyokuja na mashine ibaki kama ghala. Monita nunua ya mtumba, inchi 19. Hapa kuna siri ndogo inayowafaa wenye kadi dhaifu. Nyingi ya monita zile za mraba mraba zina nukta 1,280 kwa 1,024, yaani milioni 1.3, wakati kioo kipana cha kisasa cha 1,920 kwa 1,080 kina milioni 2.07. Kadi yako inachora theluthi moja na zaidi pungufu. Monita mbovu kidogo inaifanya kadi ionekane nzuri.

Kasoro moja ya mashine hizi siwezi kuificha. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya ulinzi ya TPM 2.0. Kuna ujanja wa kuiweka kwa nguvu kwenye mashine za zamani, na mafundi wanauza huduma hiyo waziwazi. Lakini Valorant kwenye Windows 11 hukataa kufunguka bila TPM, na magemu mengine ya mtandaoni yanaelekea hukohuko ili kuwazuia wadanganyifu. Anayetaka FC 24 ya nje ya mtandao na GTA hana la kuogopa sana. Anayeota Valorant aruke hatua hii, asubiri msimu mmoja, atafute mnara wa kizazi cha nane kama OptiPlex 5060 au EliteDesk 800 G4.

Ukifika milioni moja hadi moja na nusu, njia zinagawanyika, na hapa ndipo nabishana na mafundi wenzangu kila mara. Kundi moja linasema: nunua mnara wa kizazi cha nane, weka GTX 1650 au 1660 Super, maliza, cheza leo. Kundi la pili linaagiza China vile vifurushi vya mazabodi za X99 na prosesa za Xeon zilizotolewa kwenye seva, viini kumi au kumi na viwili kwa bei ya kiini kimoja. Vifurushi hivyo vinashawishi kwenye karatasi. Prosesa ni imara, zimetengenezwa kufanya kazi usiku na mchana. Mazabodi ndiyo tatizo: ni za viwanda visivyo na anwani, zimeunganishwa kwa chipu zilizokwanguliwa kwenye bodi za zamani, na ikifa hakuna wa kumlilia kati ya Guangzhou na Bweri. Isitoshe magemu hayajali viini kumi na viwili vya polepole kama yanavyojali sita vya haraka.

Mimi niko na kundi la tatu, dogo, linalochekwa. Nunua mashine mpya isiyo na kadi ya picha. Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka 2021, ina viini sita, nyuzi kumi na mbili, na picha zake za ndani zinaweza kucheza FC na GTA V kwa mpangilio wa chini bila aibu. Iweke kwenye mazabodi ya soketi ya AM4, ya daraja la B450 au B550, pamoja na pawa saplai ya kweli ya wati 550, ndani ya kasha lenye hewa. Nafasi ya kadi ibaki wazi. Siku ya kwanza jirani mwenye 1660 Super atakuzidi kwa mbali. Lakini msimu ujao wewe unachomeka kadi yoyote ya kati iliyopo sokoni, huku yeye akianza kutafuta waya za kugeuza pini. Soketi ya AM4 ilianza 2016 na AMD wakaendelea kuitolea prosesa kwa miaka mingi, kwa hiyo mtumba wake utakuwepo sokoni muda mrefu kama vipuri vya Land Cruiser.

Hapa nina sharti linalopingana kidogo na hoja yangu mwenyewe. RAM ya mashine isiyo na kadi lazima iwe vijiti viwili tangu siku ya kwanza, viwili vya GB 8. Muuzaji atakushauri kijiti kimoja cha 16 "uongeze baadaye", na mtu wa msimu atalipenda neno hilo. Likatae. Picha za ndani hukopa RAM ya kawaida, na kijiti kimoja ni mlango mmoja badala ya miwili. Utapoteza sehemu kubwa ya fremu zako kwa kuokoa nafasi ambayo huenda usiijaze. Na RAM yenyewe imekuwa ghali. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zake zimeruka duniani kote, viwanda vikiwahi kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba, vinavyolipa zaidi kuliko mimi na wewe. Ni mara yangu ya kwanza kuona mafundi wa Musoma wakikwangua DDR4 kutoka laptopu zilizokufa kama watu wanaotafuta shaba.

Milioni tatu ni rahisi kuzungumzia, kwa kuwa pesa inaziba makosa mengi. Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F, RAM ya GB 16, SSD ya terabaiti moja, na kadi ya kati: RX 6600 ya 2021, RTX 3060 yenye GB 12 ya mwaka huohuo, au RTX 4060 ya 2023. Kwa mkoa wetu wa Mara ningechagua 4060 kwa sababu isiyo ya kimichezo: inakula wati 115, wakati 3060 inakula 170. Arc B580 ya Intel, iliyotangazwa Desemba 2024 kwa dola 249, ni nafuu na ina GB 12, lakini usiiweke kwenye mashine ya zamani. Inahitaji mazabodi inayoweza kufungua kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo. Bei hizo za dola zisikudanganye. Shilingi imecheza kati ya 2,400 na 2,700 kwa dola miaka ya karibuni, kisha kuna mizigo, kodi, na faida za watu watatu kabla kadi haijafika Bunda. Mwenye milioni sita sina la kumwambia. Atanunua anachotaka, na pawa saplai yake itakuwa nzuri bila ushauri wangu.

Sasa umeme wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, lilituondolea mgawo ule uliotutesa mwishoni mwa 2023. Linaloua kompyuta huku ni kukatika kwa ghafla mvua ikinyesha, na zaidi ya hapo kurudi kwa ghafla, kwa kishindo, taa zikiwaka nyeupe kupita kiasi kwa sekunde mbili. Stabilaiza au UPS ya 650VA ni sehemu ya bajeti, na kwenye laki tano naitoa kwenye fungu la monita bila kusita.

Pawa saplai isome lebo yake, na usisome namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi. Tafuta mstari wa volti 12, maana kadi na prosesa hunywa hapo. Nimeshika boksi lililoandikwa wati 500 ambalo mstari wake wa volti 12 ulikuwa na ampea 16. Zidisha: 192. Nyingine zote zilikuwa mapambo. Uzito nao unasema. Pawa saplai inayopeperuka mkononi kama boksi la biskuti haina shaba ndani.

LUKU nayo ina hesabu yake. Kaya ya matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi isizidi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti ya ziada ni 350. Mnara wa ofisi wenye 1050 Ti hula kama wati 140 ukicheza. Saa tatu kila siku ni uniti 12 na ushee kwa mwezi, na familia haitagundua. Mashine kubwa inayokula wati 400, saa tano kila siku, ni uniti 60. Hiyo karibu imalize fungu lote la nyumba, na siku mama mwenye nyumba atakapoona LUKU imebadili bei, swali la kadi ipi ni bora litajibiwa na yeye.

Kwa mwenye steshenari anayetoza watu kucheza, hesabu ni nyingine. Yeye yuko kwenye bei ya kawaida, shilingi 292 kabla ya kodi, kama 356 pamoja nazo. Mashine ya wati 200 kwa saa nane ni uniti 1.6, shilingi 570 hivi kwa siku. Nilikuwa nikiamini kuwa biashara ya gemu ni ya pleisteshini, na kwa banda la mpira tupu bado naamini: PS4 ya mtumba, TV, pedi mbili, hakuna kirusi wala draiva. Kompyuta inashinda pale inapofanya kazi mbili. Pale Butiama nimeona mashine moja inayochapa barua za maombi ya kazi na kuweka nyimbo kwenye flashi mchana kutwa, na jioni shule zikifungwa inakuwa GTA kwa dakika. Ina 1650 ndani na printa juu yake. Wazee wawili waliokuwa wakisubiri fotokopi walitazama gari likigonga nguzo wakatikisa vichwa. Nikakumbuka kuwa kijiji hicho ndicho cha Julius Nyerere, aliyependa kucheza bao, na hakuna aliyemwita mhuni.

Vumbi na wadudu havipo kwenye mwongozo wowote wa Ulaya. Musoma, msimu vidudu vya ziwani vinapopanda kutoka majini kama moshi, vidudu hivyo hufuata mwanga, na mwanga wa usiku ni monita. Asubuhi feni imebeba maiti zao, zimechanganyika na vumbi, zimekuwa ugali. Kasha lenye kioo na feni saba za rangi ni zuri kwa picha, lakini kila feni ni dirisha. Feni mbili zenye wavu unaofuliwa zinatosha, na brashi ya kupakia rangi kila wiki mbili. Mende nao wanapenda joto la pawa saplai.

Mtandao niupitie haraka. FC 24 ilitaka nafasi ya GB 100, na kwa bando la simu hiyo ni pesa ya kununua RAM. Ndiyo maana gemu husafiri kwa hadi diski, mkononi, kutoka Mwanza. Na anayetaka kushindana mtandaoni ajue kuwa seva za Counter-Strike 2 zilizo karibu ziko Johannesburg na Dubai. Risasi yako inapita baharini kabla haijampata mtu, na kadi ya milioni mbili haiifupishi njia hiyo hata kidogo.

Yule kijana wa dagaa hakuuza kadi. Alimrudishia muuzaji ile nyembamba kwa kuongeza kidogo, akapata mnara wa namba ileile. Fundi akamwandikia kwenye kipande cha boksi: pawa saplai wati 450 au zaidi, waya wa kugeuza pini 24 kwenda nane. Hakuwa na hela, na mwezi ulikuwa mpevu. Kadi ikakaa juu ya kabati la fundi kwenye mfuko wake wa mapovu. Giza lilipoingia tena alikaa ziwani usiku tisa, siku ya kumi akaja Nyasho na boksi chini ya kwapa, viatu vyake bado vina magamba. Fundi hakulifungua. Aligeuza upande wenye lebo, akaupeleka dirishani penye mwanga, akaanza kutafuta mstari wa volti 12.